Umbo la nanokristali na mwanga uliopolaraizwa: jinsi ya kupima bila kujidanganya

Una chupa ya nanokristali za semikondakta (kristali za vipimo vya nanomita), tuseme CdSe (kadimiamu na seleniamu), na unataka kujua kama zinameza na kutoa mwanga kwa kuelemea upande mmoja, yaani mwanga unaotikisika zaidi kwenye mstari mmoja. Watu wengi hapo hapo wanachukua polaraiza, filta inayopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu, wanaizungusha mbele ya detekta, wanaona namba inapanda na kushuka, wanasema tayari, kristali zangu za umbo la fimbo zina polaraizesheni. Ngoja kwanza. Hiyo namba inaweza kuwa imetoka kwenye kristali yenyewe, au kwenye kitu kilichoizunguka kristali, au kwenye vioo vya mashine yako, na hivi vitatu kwenye grafu vinafanana kabisa. Kupima ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kuvitenganisha, kwa hiyo twende taratibu.

Namba tutakayotumia kila mahali ni P. Unachukua mwanga mkubwa kabisa unaopata ukizungusha polaraiza, unatoa ule mdogo kabisa, unagawanya kwa jumla ya hivyo viwili. P ikiwa 0 hakuna upande unaopendelewa, P ikiwa 1 mwanga wote uko kwenye mstari mmoja.

Hatua ya 1: Jua umbo kabla hujawasha leza

Usiamini jina lililoandikwa kwenye chupa. Weka tone kwenye hadubini ya elektroni, piga picha, pima fimbo mia mbili hivi, urefu peke yake na kipenyo peke yake, alafu ndo utafute uwiano wa urefu kwa upana. Nasisitiza kuvitenganisha maana kwenye fimbo kipenyo ndicho kinachoamua rangi kwa sehemu kubwa, urefu unaigusa rangi kidogo tu, kwa hiyo chupa mbili zinazong'aa rangi ile ile zinaweza kuwa na fimbo za urefu tofauti kabisa na polaraizesheni tofauti kabisa.

Maumbo utakayokutana nayo sana ni matufe, fimbo, vibao vyembamba na michemraba. Matufe ndo ya zamani, ndo yale ya Ekimov, Brus na Bawendi waliopewa Nobeli ya kemia 2023. Fimbo za CdSe za kwenye kimiminika zilishika kasi kuanzia 2000 pale kundi la Alivisatos kule Berkeley lilipoonyesha kwamba ukichagua ligandi (molekuli zinazoshika uso wa kristali) vizuri unaweza kuzuia nyuso za pembeni na kuiacha kristali irefuke kwenye mhimili mmoja. Vibao vya CdSe vyenye unene wa tabaka chache tu za atomi vilikuja 2008. Kuna na tetrapodi, zile zenye miguu minne, ambazo kila mguu ni fimbo lakini kwa ujumla wake umbo lina ulinganifu mkubwa, kwa hiyo usizitegemee sana kwa kazi hii.

Kitu kingine, CdSe ina kadimiamu, ni sumu. Vaa glovu, na mabaki usimwage kwenye sinki.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya dielektriki kwanza, inachukua dakika tano

Hii ndo hatua inayorukwa na karibu kila mtu na ndo inayoeleza sehemu kubwa ya unachokiona. Mwanga ni uga wa umeme unaotikisika. Ukifika kwenye kristali ambayo ni ndogo kuliko urefu wa wimbi, chaji zinajipanga kwenye uso wa kristali na kutengeneza uga wa kupinga ule wa nje. Sasa kama uga uko sambamba na fimbo ndefu, hizo chaji zinakaa mbali kule kwenye ncha, hazina nguvu ya kupinga, na uga wa ndani unabaki karibu sawa na wa nje. Kama uga unaikata fimbo kwa ubavu, chaji zinakaa pande mbili zilizo karibu kabisa, zinapinga kweli kweli, na uga wa ndani unadhoofika.

Kiasi gani? Kwa fimbo ndefu, uga wa ubavuni unazidishwa kwa 2εm gawanya kwa (ε + εm), ambapo ε ni namba ya dielektriki ya kristali, yaani jinsi chaji zake zinavyoitikia uga wa umeme, na εm ni ya kitu kilichoizunguka. Chukua CdSe, ε tuseme 6 kwenye mwanga unaoonekana. Ikiwa hewani εm ni 1, unapata 2 gawanya kwa 7, yaani 0.286. Kinachomezwa kinafuata mraba wa uga, kwa hiyo 0.082. Maana yake fimbo inameza mwanga wa sambamba mara kumi na mbili zaidi ya mwanga wa ubavuni, na P inakuwa karibu 0.85, na hapo hatujasema neno hata moja kuhusu elektroni wala kwanta!

Sasa iweke fimbo ile ile kwenye tolueni au plastiki yenye εm ya 2.25. Unapata 4.5 gawanya kwa 8.25, ambayo ni 0.545, mraba wake 0.30, na P inashuka mpaka 0.54. Fimbo ni ile ile, kilichobadilika ni kilichoizunguka.

Mfano mzuri wa jambo hili ni nyaya za InP (indiamu na fosforasi, semikondakta nyingine) ambazo kundi la Lieber kule Harvard walizipima moja moja mwaka 2001. InP ina ε ya 12.4, ukiiweka kwenye hiyo hesabu hewani unapata P ya 0.96, na vipimo vyao viliangukia karibu na hapo. Kwenye nyaya zile mambo ya kwanta ya kubanwa (elektroni kubanwa kwenye nafasi ndogo) hayakuhitajika kuieleza P, dielektriki peke yake ilitosha.

Kwa tufe pande zote ziko sawa, P ni 0. Mchemraba nao kwa hesabu hii uko kama tufe. Kwa kibao chembamba uga ulio kwenye bapa unapita bila shida ila ule unaokichoma kibao wima unazidishwa kwa εm gawanya kwa ε, hewani 1 kwa 6, mraba wake 0.028. Kibao kinakataa mwanga wa wima kuliko hata fimbo inavyokataa wa ubavuni.

Hatua ya 3: Alafu ndo uangalie elektroni

Hii ni sababu ya pili na haijali kristali imezungukwa na nini. Bendi ya valensi ya CdSe, yaani viwango vya nishati vilivyojaa elektroni, imejengwa na obitali za p za seleniamu, na obitali ya p ina mwelekeo, iko x au y au z (kwa fimbo z ni upande wa urefu, kwa kibao ni upande wa unene). Elektroni ikitoka bendi ya juu yenye tabia ya s (obitali ya mviringo isiyo na mwelekeo) ikarudi kwenye tundu, ile nafasi iliyoachwa na elektroni, la aina ya z, mwanga unatoka umepolaraizwa kwa z. Kwa hiyo swali ni moja, ni tundu la aina gani liko juu kabisa kwenye bendi ya valensi, maana eksitoni (elektroni na tundu lake kwa pamoja) zikipoa huko ndiko zinakokimbilia.

Kwenye tufe la CdSe lenye mpangilio wa atomi uitwao wurtzaiti, mwanga mwingi unatoka kwenye bapa linalokatana na mhimili c (mhimili mkuu wa kristali), hautoki kwenye mstari mmoja. Ukianza kurefusha kristali kwenye huo mhimili c, viwango vya nishati vinasogeleana mpaka vinapishana, na tundu la z linakuja juu. Kwa CdSe hii inatokea uwiano wa urefu kwa upana ukifika karibu 2, jambo lililoonyeshwa 2001 na kundi lile lile la Berkeley. Ndo maana nasema hauhitaji fimbo ndefu kama sindano. Uwiano wa 2 au 3 tayari umevuka mpaka, kuongeza urefu kutoka 10 kwenda 20 kunakupa kidogo sana na pengine kunakuletea shida ya fimbo kupinda na kulaliana.

Kwenye vibao mambo ni kinyume. Kubanwa kuko kwenye unene tu, tundu zito (aina ya tundu lenye masi kubwa zaidi) linabaki juu, na obitali zake ni za x na y, kwa hiyo mwanga unatoka umelala kwenye bapa. Tundu jepesi liko chini yake na ndilo lenye sehemu ya z. Uzuri wa vibao ni kwamba hivi viwili unaviona kwa macho kwenye spektra ya umezaji, vilele viwili vyembamba vilivyotengana. Kwenye vile vibao maarufu vya CdSe vinavyong'aa kijani, kilele cha tundu zito kiko karibu nanomita 512 na cha tundu jepesi karibu 480.

Kuna na zile fimbo za CdS (kadimiamu na salfa) zenye kitufe cha CdSe ndani. Hizo zina siasa zake: anayemeza ni fimbo nzima, anayetoa ni kitufe. Ukiipiga leza ya nanomita 450 unaongea na CdS, mwanga unaotoka kwenye 600 na kitu umetoka kwenye kiini. Kiini kinaweza kuwa mviringo kabisa na bado mwanga ukatoka umeelemea mhimili wa fimbo, kwa sababu ganda linakibana kiini kwa namna isiyo sawa na kwa sababu ile dielektriki ya hatua ya 2 inafanya kazi hata mwanga ukiwa unatoka.

Hatua ya 4: Chagua sampuli

Una njia tatu, na kila moja inajibu swali lake.

Kimiminika ni rahisi kuliko zote lakini kristali zimeelekea kila upande, kwa hiyo ukiziangalia zote pamoja P ni 0 hata kama kila moja ina 0.9. Ujanja ni kuziamsha kwa leza iliyopolaraizwa, leza inachagua zile zilizolala upande wake, unapima zinachotoa kabla hazijageuka. Hapa watu wanatumia r badala ya P, yaani mwanga ulio sambamba na polaraizesheni ya leza toa ulio wima kwake, gawanya kwa sambamba jumlisha wima mara mbili. Namba za kukariri: kama anayemeza na anayetoa wote ni mstari mmoja ule ule, r haivuki 0.4. Kama wote ni bapa, haivuki 0.1. Ukipata r ya 0.5 usishangilie, ni leza imevuja kwenye filta au kimiminika kinatawanya mwanga. Angalia pia kasi ya kugeuka. Kitufe kidogo pamoja na ligandi zake kwenye tolueni kinageuka kwa makumi ya nanosekunde, na eksitoni ya CdSe inaishi kama nanosekunde 20, kwa hiyo sehemu ya kumbukumbu inapotea. Fimbo ya nanomita 30 inachukua mamia ya nanosekunde, inakuwa kama imesimama. Kimiminika kiwe chepesi, umezaji chini ya 0.1, la sivyo kristali zinapokezana nishati na polaraizesheni inakufa njiani.

Filamu ya kuvuta: unachanganya fimbo kwenye plastiki, unaipasha joto, unaivuta mara kadhaa, fimbo zinalala upande wa mvuto. Inafanya kazi vizuri tu, ila plastiki iliyovutwa yenyewe inazungusha polaraizesheni, kwa hiyo pima na kipande kisicho na fimbo. Na usitegemee filamu ikupe P ya fimbo moja. Kama fimbo zimetawanyika kwa pembe ya digrii 20 hivi kuzunguka mwelekeo wa kati, unazidisha kwa 0.78, fimbo ya 0.80 inakuwa filamu ya 0.63.

Kristali moja moja ndo kipimo cha ukweli. Dondosha kimiminika chepesi sana kwenye kioo, kizungushe kikauke, angalia kwa hadubini. Usipime pembezoni mwa tone lililokauka lenyewe, maana pale ukingoni fimbo zinajipanga zenyewe kwa makundi na utafikiri ni fimbo moja safi kumbe ni msafara.

Hatua ya 5: Panga mashine

Upande wa leza weka polaraiza, alafu pleti ya nusu wimbi (kioo kinachozungusha mwelekeo wa polaraizesheni), na unachozungusha ni pleti. Ukizungusha polaraiza mbele ya leza ambayo tayari imepolaraizwa, nguvu ya leza inapanda na kushuka na utapata mkunjo mzuri wa kosaini ambao hauna uhusiano wowote na kristali.

Upande wa detekta ni hivyo hivyo, analaiza (polaraiza ya upande huu) ibaki imesimama, zungusha pleti ya nusu wimbi mbele yake. Sababu ni spektromita. Gretingi, kile kifaa cha ndani chenye mistari kinachotenganisha rangi, inapitisha polaraizesheni moja zaidi ya nyingine, na tofauti inabadilika na urefu wa wimbi, kwa hiyo ukizungusha analaiza unaipima gretingi. Ukiiacha imesimama, spektromita inaona mwelekeo ule ule muda wote.

Kwa kristali moja kuna shida ya kuwaka na kuzima. Kristali inazima katikati ya mzunguko, wewe unadhani ni P kubwa. Dawa yake ni kigawa mwanga cha polaraizesheni na detekta mbili kwa wakati mmoja, kristali ikizima zote mbili zinashuka pamoja na uwiano unabaki.

Kioo cha daikroiki (kinachorudisha rangi moja na kupitisha nyingine) kilichowekwa digrii 45 ni mwizi mwingine, kinarudisha mielekeo miwili ya polaraizesheni kwa viwango tofauti. Na lenzi ya mafuta yenye NA (kipimo cha upana wa pembe inayokusanya mwanga) ya 1.4 inakusanya mwanga mwingi ndiyo, lakini inachanganya miale ya pembe kali na kuishusha P. Kama mwanga unatosha mimi ningechagua lenzi ya NA 0.7 kuliko kuhangaika na masahihisho baadaye.

Hatua ya 6: Pima kitu ambacho jibu lake unalijua

Weka fluoresini (rangi inayong'aa) kwenye maji. Molekuli ni ndogo, inageuka haraka sana kuliko inavyong'aa, r inatakiwa iwe karibu 0. Ikikupa 0.1 basi mashine ndo yenye polaraizesheni. Tafuta kigezo cha G (uwiano wa usikivu wa njia mbili za detekta) kwa kuamsha na leza iliyopolaraizwa mlalo, detekta ikiwa digrii 90 na leza, ambapo kwa ulinganifu njia zote mbili za detekta zilitakiwa kupata sawa, tofauti yoyote hapo ni ya mashine, igawanye. Fanya hivyo kwa urefu wa wimbi ule ule unaopimia kristali.

Hatua ya 7: Chukua data, na utoe mandharinyuma

Kila digrii 10 za polaraizesheni kuanzia 0 mpaka 360 (pleti yenyewe inazunguka nusu yake). Ndiyo, 180 zingetosha kihesabu, lakini ile nusu ya pili ni shahidi. Kama 0 na 180 na 360 hazilingani, kristali inaungua au leza inayumba.

Mandharinyuma, yaani mwanga usiotoka kwenye kristali, ndo yanaharibu P kuliko kitu kingine, na watu wanayasahau kwa sababu kwenye grafu hayaonekani. Tuseme umesoma 1000 juu na 400 chini. P ni 600 gawanya kwa 1400, yaani 0.43. Sogeza sampuli mahali pasipo na kristali, unasoma 250. Toa kote kote, unabaki na 750 na 150, P ni 600 gawanya kwa 900, yaani 0.67. Fimbo imetoka kuwa ya kawaida imekuwa nzuri sana, na hujaigusa. Na kinyume chake, kama mandharinyuma yenyewe yamepolaraizwa, yanaweza kukupa P ambayo haipo, kwa hiyo yapime kwa kila pembe, sio pembe moja tu.

Hatua ya 8: Tenganisha sababu mbili

Hapa ndo pa kukaa. Majaribio mawili yanatosha.

La kwanza, badilisha urefu wa wimbi wa kuamsha. Mbali juu ya mpaka wa bendi (nishati ndogo kabisa ambayo kristali inameza), tuseme nanomita 400, kuna mabadiliko mengi ya elektroni yamerundikana, ya x na y na z, yanafutana, kinachobaki ni dielektriki. Ukisogea kuelekea mpaka wa bendi, viwango vinaanza kujitenga na P inaanza kupanda au kushuka kulingana na nani yuko juu. Kwa hiyo chora P dhidi ya urefu wa wimbi. Ikiwa mstari umelala tambarare kutoka 400 mpaka mwisho, unachokiona ni umbo na mazingira tu. Ukipinda karibu na mpaka, elektroni zimeanza kuongea.

La pili, badilisha kilichoizunguka kristali. Pima hewani, alafu funika na plastiki, pima tena kristali ile ile. Ile sehemu ya dielektriki inatakiwa ishuke kama hesabu ya hatua ya 2 ilivyosema, 0.85 kwenda 0.54 kwa fimbo ndefu ya CdSe. Fimbo ikiwa kwenye kioo nusu yake iko hewani nusu inagusa kioo, kwa hiyo tegemea katikati. Kama P ya mwanga unaotoka imebaki juu hata baada ya kufunika, hiyo ziada ndo ya elektroni.

Kwa vibao kuna mtego wa peke yake. Vibao vikilala bapa kwenye kioo na wewe ukaangalia kutoka juu, utapata P ya 0, kwa sababu x na y ziko sawa mbele yako. Mtu anaandika kwenye daftari hakuna polaraizesheni, wakati z imekosekana karibu yote na hiyo ndo habari yenyewe! Inabidi uinamishe sampuli au uangalie pembe ambazo mwanga unatokea kwenye bapa la nyuma la lenzi. Wanaotengeneza LED wanavipenda vibao vilivyolala kwa sababu hii hii, mwanga wa bapa unatoka nje ya filamu kwa wingi badala ya kunaswa ndani ukisafiri pembeni.

Hatua ya 9: Andika namba kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuitumia

P peke yake haitoshi. Andika urefu wa wimbi wa kuamsha na wa kupokea, NA ya lenzi, kristali imezungukwa na nini, umepima kristali ngapi, na mtawanyiko wake, sio ile moja iliyokufurahisha. Kama lengo lako ni skrini, andika pia sehemu ya mwanga itakayopita kwenye polaraiza ya mbele, ambayo ni moja jumlisha P, gawanya kwa mbili. Mwanga wa kawaida unapita nusu, 0.50, nusu nyingine inaishia kuwa joto. Ile filamu yetu ya 0.63 inapitisha 0.815 kabla ya hasara nyingine.